Siku 28 za likizo, hatutoki Dodoma: nilale au nifanye mazoezi?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 41, ni mtumishi, ofisi yangu iko Mtumba na ninaishi Nzuguni. Juni naanza likizo ya siku 28. Mwaka huu hatuendi popote, hela yote imeishia kwenye bati. Mwaka jana nilikaa nyumbani hivihivi, nikarudi kazini nimeongezeka kilo nne, mgongo wa chini unauma na nimechoka kuliko nilivyoondoka. Nilikuwa nalala saa nane usiku, naamka saa nne asubuhi. Dada wa kazi naye anakwenda kwao mwezi huohuo, na watoto wawili wamefunga shule. Juzi nilipimwa presha ikasoma 136 kwa 86. Rafiki yangu anataka tujiunge jimu mwezi mzima, tuvae nailoni ya kutoa jasho na kila asubuhi tunywe maji moto na ndimu. Mume wangu anasema likizo ni ya kulala, niache kujitesa. Jumamosi huwa nakimbia na wenzangu wa ofisini, naogopa nikikosa wiki nne nitaanza moja. Nimsikilize nani? Na je, raba za mtumba zinafaa kwa mazoezi?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza nikuweke sawa: mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kazi yangu ni migongo, magoti na watu wanaojifunza upya kutembea baada ya kulazwa. Hapa mjini huniita daktari na nimeshachoka kuwakatalia. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu naona unajishitaki uvivu wakati ndani yake sioni uvivu hata chembe. Unachoogopa ni kupewa siku 28 za kupumzika, kisha urudi kazini una hali mbaya kuliko uliyoondoka nayo. Ni hofu ya haki, na kila Julai nawaona wenye hofu hiyo wakiingia mlangoni wameshika kiuno.

Tuanze na hizo kilo nne, maana ndizo zilizokutisha mpaka ukaifikiria nailoni. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nishati ya takriban kalori 7,700. Ili zote nne ziwe mafuta, ungelazimika kula kalori 1,100 zaidi ya mahitaji yako kila siku, siku zote 28 bila kuruka hata moja. Inawezekana, lakini nayo ni kazi. Mara nyingi huwa ni mchanganyiko, sehemu mafuta na sehemu maji. Mwili ukihifadhi wanga kwenye misuli na ini, kila gramu ya wanga hukaa na maji kama gramu tatu, na chumvi ya chipsi na michuzi nayo hushika maji yake. Kwa mwanamke ongeza na siku za mwezi. Mizani ya Jumatatu ile ya kurudi ilikwambia ukweli, ila haikukwambia wote.

Hiyo sehemu iliyokuwa mafuta ilitoka wapi? Wengi hukimbilia kulaumu pilau. Mimi naiangalia miguu. Hebu ifuate siku yako ya kazi. Unatoka nyumbani kwa miguu mpaka kituoni, unasimama kwenye daladala kwa sababu asubuhi ile viti havipatikani, unashuka Mtumba na kutembea mpaka jengo lenu. Unapanda ngazi. Unakwenda masjala kutafuta jalada, hulipati, unarudi tena baada ya chai. Jioni unashuka kituo kimoja kabla ya chako ili upitie sokoni. Hakuna aliyewahi kukwambia kuwa hayo ni mazoezi na wewe hukuyahesabu, lakini mwili uliyahesabu yote. Siku ya kwanza ya likizo yanafutika kwa mpigo. Unabaki na sebule, jiko na chumba, na kutoka kiti hadi friji ni hatua saba.

Hili limepimwa. Mwaka 1999 James Levine na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 16 waliolishwa kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki nane, bila kuruhusiwa kuongeza mazoezi. Kuna aliyeongezeka mafuta chini ya nusu kilo, na kuna aliyepita kilo nne. Kilichowatenganisha zaidi ni mambo madogo ambayo hakuna anayeyaita mazoezi: kusimama, kuzunguka huku na huko, kutotulia kwenye kiti. Kwa hiyo kabla ya kufikiria kuongeza kitu kipya kwenye likizo yako, fikiria namna ya kurudisha kile ambacho likizo inakuibia.

Sasa nije kwa rafiki yako. Nailoni, hapana. Jasho si mafuta yanayoyeyuka. Ni maji na chumvi, na kazi yake ni kukupoza pale linapokauka juu ya ngozi. Ukijifunga nailoni jasho halikauki, joto linabaki ndani, moyo unalazimika kusukuma damu nyingi zaidi kwenda kwenye ngozi, na wewe unatoka hapo mizani imeshuka kilo nzima ukidhani umeshinda. Ukinywa lita moja ya maji, kilo yako imerudi. Hapa Dodoma kuna mtego mwingine: hewa yetu ya Juni ni kavu, jasho hukauka hata hujaliona, kwa hiyo tayari unapoteza maji mengi kuliko unavyodhani. Kwa mtu ambaye presha yake imeanza kusogea, hiyo nailoni ifungie ndizi.

Maji moto na ndimu hayana ubaya, hayana na maajabu. Hayayeyushi mafuta, maana mafuta ya tumboni hayapo kwenye bomba linalozibuka kwa kitu cha moto. Yakikufaa kwa sababu yamechukua nafasi ya chai yenye sukari vijiko vitatu, kunywa. Ila asidi ya ndimu kila asubuhi hula ule ugumu wa juu wa meno, kwa hiyo sukutua kwa maji ya kawaida na usipige mswaki papo hapo.

Jimu ni kitu kizuri na sitaki niisingizie. Kama una nia ya kuendelea nayo baada ya likizo, na iko njiani kwako, na kuna mtu anayekusimamia usinyanyue kwa mgongo, jiunge. Lakini jimu ya mwezi mmoja, kwa mtu mwenye mgongo unaolalamika, anayeanza kwa pupa ili alipize kilo za mwaka jana, mara nyingi huniletea wateja. Na kuna jambo la hesabu za nyumbani ambalo nitalirudia hapo chini, kwa sababu nadhani hiyo hela ina kazi bora zaidi.

Mumeo naye ana nusu ya ukweli. Umechoka, na mwenye deni la usingizi huwa analipa kwa kulala. Asubuhi tatu za mwanzo lala mpaka usingizi ukuachie wenyewe, wala usiweke kengele. Kosa la mwaka jana halikuwa kulala sana. Lilikuwa kuhama saa. Ukiwa kazini nadhani unaamka saa kumi na moja alfajiri. Ukiwa likizo uliamka saa nne. Hizo ni saa tano. Saa ya ndani ya mwili hujirekebisha kwa mwanga, hasa ule wa asubuhi, nawe ulikuwa ukiukosa ukiwa nyuma ya pazia, kisha usiku unajimulikia simu usoni mpaka saa nane. Siku ya kurudi kazini mwili ulilazimika kuruka saa tano mbele, kama mtu aliyetoka Dodoma akatua Beijing, isipokuwa yeye angalau ana picha za kuonyesha. Baada ya zile siku tatu, usichelewe kuamka zaidi ya saa moja kuliko kawaida yako. Jua letu la Juni huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika arobaini. Likikukuta nje, hata kama umejifunga khanga mbili kwa baridi, usiku wako utakuja wenyewe. Mchana ukizidiwa, jinyooshe dakika ishirini, kabla ya saa tisa.

Na kulala kwa maana ya kushinda umelala ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1966 huko Dallas, vijana watano wenye afya, wa miaka 20, walilazwa kitandani wiki tatu ili watafiti waone kitakachotokea. Uwezo wao wa kutumia oksijeni wakiwa kwenye mazoezi ulianguka vibaya sana. Miaka 30 baadaye watu walewale watano wakapimwa tena, na ikaonekana zile wiki tatu za kitandani ziliwapunguzia uwezo kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Sikwambii hili kukutisha, wewe hutashinda kitandani. Nakwambia ili umjibu mumeo kwa upole.

Hapa ndipo linapoingia swali lako la kuanza moja. Pumzi ndiyo hupungua kwanza. Ukiacha kabisa, ndani ya siku chache kiasi cha maji kwenye damu hushuka, moyo unasukuma kidogo kwa kila pigo, na kwenye wiki ya pili au ya tatu utahisi kilima ulichokizoea kimerefuka. Nguvu ya misuli huvumilia zaidi, wiki tatu au nne bila hasara kubwa. Lakini kuna habari njema ambayo wakimbiaji wengi wa Jumamosi hawaijui: kulinda ulichonacho ni rahisi mno kuliko kukijenga. Mara moja au mbili kwa wiki, ukienda kwa kasi yako ya kawaida, inatosha kukiweka kilipo kwa mwezi mzima. Na mbona Jumamosi ipo hata wakati wa likizo? Wafuate wenzako. Kimbia nao, mkianza kuzungumzia ofisi, ongeza mwendo.

Sasa tufike kwenye kiini cha barua yako, ambacho umekipitisha haraka kana kwamba hakina uzito: dada wa kazi anaondoka mwezi huohuo na watoto wamefunga shule. Mdogo wangu, kama na mwaka jana ilikuwa hivyo, basi ile haikuwa likizo. Ulihamishwa idara. Ulitoka Mtumba ukapelekwa jikoni, bila posho ya uhamisho, na mkuu wa idara mpya ana miaka saba na anataka maandazi.

Watafiti wa uchovu wa kazi wana lugha ya hili. Mwaka 2007 Sabine Sonnentag wa Ujerumani na mwenzake Charlotte Fritz walitoa kipimo cha mambo manne yanayomrudishia mtu nguvu nje ya kazi: kichwa kutoka kazini kabisa, mwili kutulia, kujifunza au kumudu jambo jipya, na kuwa na usemi juu ya muda wako. Jipime kwa mwaka jana. Kundi la WhatsApp la ofisi ulilifungua mara ngapi kwa siku? Kutulia ulitulia, lakini mbele ya tamthilia, umejikunja. Jambo jipya, hakuna. Na usemi juu ya muda wako, saa ngapi kwa siku uliweza kusema hizi ni zangu? Nadhani ndiyo sababu ulikesha mpaka saa nane. Usiku ulikuwa saa pekee ambazo hakuna aliyekuita mama. Usingizi wako haukuvurugwa na uvivu, ulikuwa unaiba muda wako mwenyewe.

Siwezi kukucheka, maana nimepita hapo. Mwaka mmoja nilichukua likizo yangu yote nikaimalizia kwenye simu, nikijibu nani kafunga kabati gani na mgonjwa yupi anakuja lini. Siku ya ishirini na nane mume wangu akaniuliza, bila utani usoni, likizo yenyewe inaanza lini.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya afya yako mwezi Juni haina jasho. Kabidhi ofisi kwa maandishi, jina la anayekaimu liwe wazi, kisha nyamazisha lile kundi mpaka siku ya kurudi. Hatua ya pili ni mazungumzo na mumeo. Amesema likizo ni ya kulala, basi mpe nafasi aithibitishe kauli yake: kila asubuhi kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili, watoto na chai ni vyake. Watoto, kama wameshafika umri wa kushika fagio, washike. Na ile hela ya jimu, ningekuwa mimi, ningempa mama wa kufua aje mara mbili kwa wiki. Utapata saa za kutembea, na mgongo wako utanishukuru.

Maana mgongo nao una maelezo yake. Katikati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini ambavyo mchana hukamuliwa maji na uzito wako, usiku vikayanywa tena. Ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kwa sentimita moja hivi kuliko jioni. Visahani vilivyojaa maji huwa vigumu, na kuinama sana mapema asubuhi huvikandamiza vibaya. Sasa angalia asubuhi ya mama aliye likizo: kaamka baada ya saa nyingi za kulala, mwili umekakamaa, jambo la kwanza anakamata ndoo na tambara, anadeki nyumba nzima kainama, miguu kainyoosha, kiuno juu. Baada ya hapo beseni la nguo, chini, kainama tena. Jioni sofa. Halafu tunalaumu godoro.

Sikukatazi kudeki, na watu wanaosema kazi za nyumbani si mazoezi hawajawahi kufua mashuka. Zinahesabika. Upungufu wake ni kwamba zinarudia mkunjo uleule na mara chache zinapandisha pumzi kwa muda wa kutosha. Zibadilishe tu umbo. Nusu saa ya kwanza baada ya kuamka usiiname, fanya za kusimama. Tambara lifunge kwenye mti mrefu. Ukifua mwenyewe, chukua kreti ya soda uigeuze juu chini, weka beseni juu yake, nawe kaa kwenye kigoda chenye urefu wa kukufanya magoti yako yawe chini kidogo ya nyonga. Utaona mikono inafua na kiuno kimepumzika. Nguo za kuanika zigawe kwenye ndoo mbili ndogo, moja kila mkono, kuliko beseni moja zito ubavuni. Na hapo bila kujua umeshafanya zoezi ambalo kwenye jimu wanalilipia.

Kuhusu kutembea: Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na siku mbili au zaidi za kukaza misuli. Mwendo wa wastani ni ule unaokuwezesha kuongea lakini ukijaribu kuimba pumzi inakukatikia. Dakika 30 asubuhi, siku tano, umefika. Hatua elfu kumi zisikusumbue. Namba hiyo ilipata umaarufu kupitia kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, jina lake likiwa na maana ya kipima hatua elfu kumi. Ilikuwa namba ya kuuzia bidhaa. Lenga kuzidi ulizotembea jana.

Nzuguni imekaa vizuri kwa hili. Una maeneo ya Nanenane, una sababu ya kwenda soko la Ndugai kwa miguu na kurudi na mboga mkononi. Mara moja kwa wiki nenda kwenye barabara za Chuo Kikuu cha Dodoma, ni pana na zina miinuko ya taratibu inayokutafuta pumzi bila kukuvunja magoti. Vilima vyetu vya mawe vinavutia, ila mvipande mkiwa kundi, mchana, na anayeshuka akanyage kwa hatua fupi, kwa sababu goti huumia kwenye kushuka. Juni ina upepo na vumbi, kwa hiyo asubuhi kabla upepo haujachangamka ndiyo saa yako. Mtandio puani, maji kabla na baada.

Jambo jipya je? Sikwambii ujifunze Kichina. Kama baiskeli ya mtoto ipo na wewe hujui kuiendesha, jifunze, Dodoma ina tambarare ya kutosha kuanguka bila shahidi. Na kama mkiweza nauli ya siku moja, nendeni Kolo, Kondoa, mkaone michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mkiondoka alfajiri mnarudi usiku. Kuifikia michoro kunataka kupanda kwa miguu, watoto watatangulia, wewe utapumua kwa nguvu, na hakuna atakayeita hayo mazoezi.

Misuli nayo nitakupa zoezi moja tu la kulishika kweli. Chukua kiti cha kulia chakula, kile kigumu, egemeza mgongo wake ukutani kisiteleze. Kaa mbele ya kiti, nyayo chini, upana wa nyonga, visigino vikiwa nyuma kidogo ya magoti. Mikono kunja kifuani. Inamisha kifua mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, kisha simama ukitoa pumzi. Kushuka ndiko kwenye dawa: hesabu mpaka nne kabla makalio hayajagusa kiti, usijibwage. Mara kumi, pumzika dakika moja, rudia mara mbili. Magoti yasikutane katikati. Yakikutana, funga khanga juu yake na uisukume nje unaposimama. Siku ya pili mapaja yatauma ukishuka ngazi, ni kawaida, yaachie siku moja. Wiki ya tatu shika ndoo ndogo yenye lita tano za maji kifuani. Ongeza kusukuma ukuta kwa mikono na umeshaupita mwezi.

Chakula sitakaa nacho sana. Usianze kujinyima kwenye likizo, utashindwa na utajichukia bure. Jambo moja tu: ukiwa kazini unakula mara tatu, ukiwa nyumbani unakula mara tatu na kuonja mara kumi na moja. Masalio ya ugali wa mtoto, kipande cha kiazi kabla hakijafika mezani, ubuyu wa rangi ambao ni sukari iliyovaa gauni. Kula umekaa, kwenye sahani. Soda ya chupa moja ina sukari ya vijiko vya chai vinane hivi, iwe ya wageni na Jumapili. Na kwa vile uko Ugogoni, ugali wa uwele kwa mlenda utakushibisha kwa saa nyingi kuliko wali.

Presha yako ya 136 kwa 86 haijafika kuitwa ugonjwa. Kipimo tunachoogopa huanzia 140 kwa 90, tena kikirudiwa siku tofauti. Lakini imekaribia mlango, usiipuuze. Likizo ni wakati mzuri wa kuipima vizuri. Nenda zahanati iliyo karibu mara mbili katika wiki tofauti, kaa dakika tano kimya umeegemea, miguu chini bila kuipishanisha, mkono umewekwa usawa wa moyo, kitambaa cha mashine juu ya ngozi na si juu ya sweta, na usiongee. Kahawa na kutembea haraka viwe angalau nusu saa nyuma. Zikisoma 140 kwa 90 au zaidi, muone daktari kabla ya kuanza chochote kizito. Ikifika 180 kwa 120, au ukipata maumivu ya kifua, kukosa pumzi umekaa, kuzimia, au upande mmoja wa mwili kulegea, hiyo si ya kusubiri kesho.

Mgongo wako, kama ni maumivu ya kiuno yanayokuja na kupungua ukitembea, utatulia kwa haya niliyokueleza. Ila nenda ukaonwe kama maumivu yanashuka mguuni mpaka chini ya goti pamoja na ganzi au mguu kukosa nguvu, kama yanakuamsha usiku na una homa au unakonda bila sababu, au kama yalianza baada ya kuanguka. Na ukihisi ganzi sehemu za siri, au mkojo au choo kimeshindwa kuzuilika au kutoka, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku.

Uchovu nao una mpaka wake. Ukilala vizuri wiki mbili, ukatembea, na bado unaamka kama umepigwa, usiniandikie mimi, nenda ukapime damu. Kwa mwanamke wa umri wako anayetoka hedhi nyingi, upungufu wa damu huwa mtuhumiwa wa kwanza, halafu sukari, halafu tezi ya shingo. Na kama hakuna kinachokufurahisha, hata watoto, hata kicheko cha rafiki yako wa nailoni, mwambie daktari na hilo. Ni ugonjwa kama mwingine na una tiba.

Siku nne za mwisho, anza kurudi kidogo kidogo: amka saa ya kazi, oga, toka, tembea mpaka kituoni kama anayekwenda Mtumba, kisha rudi nyumbani unywe chai. Na Jumatatu yenyewe usikubali kikao cha saa mbili asubuhi.

Nilikuwa nimelisahau swali lako la raba, na ndilo nililolipenda: raba za mtumba kwa mtumishi wa Mtumba. Zinafaa, nusu ya wagonjwa wangu wanazo. Ukifika soko la Sabasaba, ziweke juu ya kitu kilichonyooka, chuchumaa uzitazame kutoka nyuma. Kisigino kisimame wima. Kikiinamia ndani au nje, mwenye nazo wa kwanza alikuwa na mwendo wake na atakuachia. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba: iingie kidogo na kurudi, ikiwa ngumu kama mbao au ina mikunjo mingi pembeni, imeshakufa hata kama juu inang'aa. Ikunje: ipinde penye vidole, si katikati. Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na ubaki na nafasi ya kidole gumba mbele. Ukikuta pea nzuri ya namba 40, mwambie muuzaji aiweke pembeni, nitapita Jumamosi.